Madirisha Yaliyo Karibu na Paa: Jinsi Mafundi Walivyoitafuta Nuru ya Mchana

Kila mwalimu aliyepata kufundisha katika chumba kipana alijua jambo hili. Watoto waketio karibu na dirisha husoma bila taabu, hata siku ya mawingu. Lakini wale waketio katikati ya chumba huinama hata pua zao zikakaribia kugusa kitabu. Mwalimu huenda akadhani kuwa mtoto asiyeona ubao ni mvivu, kumbe ila si ya mtoto, ni ya nyumba. Dirisha liko mbali naye, na nuru iliyoingia kwa dirisha hilo imekwisha njiani kabla ya kumfikia.

Ila hiyo ni ya kale kuliko shule. Mahali po pote watu walipotaka kukutanika wengi chini ya paa moja, iwe ni kuabudu, kuamua mashauri, kufuma nguo au kuweka mazao, walikuta kwamba nyumba ikizidi kuwa pana, giza la katikati nalo huzidi. Na dawa waliyoipata mafundi wa nchi nyingi, kwa muda wa miaka zaidi ya 3,000, ilikuwa moja: waliliondoa dirisha mahali pa macho ya mtu wakalipandisha juu, karibu na paa. Kwa maneno ni jambo jepesi. Kwa mawe limewagharimu watu fedha nyingi, na mara nyingine jengo zima.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini kimo cha dirisha kina maana kubwa hivyo. Mafundi wana kanuni yao, ambayo si sheria kamili lakini haikosei sana: nuru ya dirisha lililo ukutani hutosha kwa kazi ya kusoma hata umbali upatao mara mbili, au mara mbili na nusu, ya kimo cha ncha ya juu ya dirisha hilo kutoka sakafuni. Dirisha ambalo ncha yake ni futi 7 litampa mtu nuru ya kutosha hata futi 14 au 17 ndani ya chumba. Basi ukumbi wenye upana wa futi 60, hata ukiwa na madirisha pande zote mbili, utabaki na ukanda wa futi 25 au zaidi katikati usioonekana vema. Kulifanya dirisha kuwa pana zaidi hakusaidii sana, maana walio karibu huzidi kung'arishwa, na walio mbali hubaki vile vile. Linalosaidia ni kulipandisha.

Tena kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikiri. Siku ya mawingu mazito, mbingu hazina mwangaza sawa kila mahali. Sehemu iliyo juu kabisa ya kichwa hung'aa kiasi cha mara tatu kuliko ile iliyo karibu na upeo wa macho. Dirisha la chini hutazama miti, nyumba ya jirani na ule ukanda hafifu wa mbingu. Dirisha la juu hutazama mbingu zenyewe.

NYUMBA JUU YA NYUMBA

Lakini dirisha la juu litawekwaje katikati ya nyumba, mahali pasipo na ukuta? Hapo ndipo akili ya mafundi wa kale ionekanapo. Waliinua paa la sehemu ya kati likapita mapaa ya pembeni, mfano wa nyumba ndogo iliyosimamishwa juu ya mgongo wa nyumba kubwa. Kati ya paa la chini na paa la juu pakatokea kipande cha ukuta kila upande, na katika kipande hicho wakayatia madirisha.

Mfano mkubwa wa kale uko Karnak, katika nchi ya Misri. Hapo mafarao Seti wa Kwanza na mwanawe Ramesses wa Pili, waliotawala katika karne ya 13 kabla ya kuzaliwa Kristo, walimaliza ukumbi wenye nguzo 134 za mawe. Nguzo 12 za katikati zina kimo kipatacho futi 70, na zile za pembeni ni fupi sana kuliko hizo. Katika tofauti ile ya kimo mafundi walitia madirisha ya mawe yaliyotobolewa vipenyo virefu na vyembamba, maana Misri haikosi jua, na kazi ya dirisha huko ilikuwa kupunguza nuru kuliko kuiongeza. Mwanga uliteremka kwa vipande juu ya njia ya katikati, walimopita makuhani na maandamano ya miungu yao, na pande zote mbili msitu wa nguzo ukabaki katika kivuli. Baadhi ya madirisha hayo yapo hata leo.

Warumi walichukua umbo hilo wakalitumia katika kumbi zao za mahakama na biashara. Wakristo nao, walipopewa uhuru wa kujenga makanisa makubwa katika karne ya 4, wakalichukua kwa Warumi. Kwa miaka mingi kazi hii haikuwa na hatari kubwa, kwa sababu paa lilikuwa la mbao. Boriti na kenchi hukaa juu ya ukuta kama mzigo ukaavyo kichwani: huulemea kwenda chini tu. Ukuta wa namna hiyo waweza kutobolewa madirisha bila hofu nyingi.

Taabu ilianza watu walipotaka paa la mawe.

Sababu za kulitaka zilikuwa njema. Mbao huungua, na makanisa mengi ya Ulaya yaliteketea kwa radi au kwa mshumaa ulioangushwa. Lakini dari ya mawe yaliyopangwa kwa tao haikai juu ya ukuta kwa utulivu. Hiyo husukuma nje, kama miguu ya mtu aliyesimama ameipanua juu ya sakafu yenye utelezi. Ukuta lazima uwe mnene ili uizuie, na kila dirisha linalofunguliwa humo lanyang'anya sehemu ya ule unene. Na mahali ambapo msukumo huo ni mkali ni pale juu, penye mwanzo wa tao, yaani mahali pale pale ambapo fundi ataka kuweka dirisha lake. Nuru na nguvu zote mbili zagombea kiti kimoja.

Huko Konstantinopoli, mji uitwao leo Istanbul, Kaisari Justinian alijenga kanisa la Ayasofya katika miaka mitano tu, tangu 532 hata 537. Wataalamu wake, Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, waliweka kuba lenye upana upatao futi 100, na kulizunguka chini yake wakatoboa madirisha 40. Mtu akiwa chini haoni sana vipande vya ukuta vilivyo kati ya madirisha hayo; aona pete ya nuru tu, na kuba juu yake kana kwamba halikushikwa na kitu. Watu wa zama zile walistaajabu. Lakini kuba la kwanza lilikuwa bapa mno, na kwa hiyo msukumo wake wa kwenda nje ulikuwa mwingi. Matetemeko ya nchi yalilitikisa, na mwaka 558 sehemu yake ikaanguka. Mpwa wa Isidore, naye akiitwa Isidore, alilijenga tena kwa mwinuko zaidi, upatao futi 20 juu kuliko lile la kwanza, na kazi ikaisha mwaka 562. Yale madirisha 40 hakuyaziba. Kuba hilo lilianguka kwa sehemu mara nyingine tena baada ya karne nyingi, likatengenezwa, na jengo lile limekuwa msikiti, kisha makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena.

UFARANSA: KUUTOA MFUPA NJE YA MWILI

Ushindani mkubwa kuliko wote ulitokea kaskazini ya Ufaransa katika karne za 12 na 13. Mafundi wa huko walipata shauri jipya. Walisema: ikiwa ukuta wahitajiwa kwa kuzuia msukumo wa dari, basi kizuizi na kitolewe nje kabisa ya jengo. Wakajenga nguzo nene uani, mbali na ukuta, na kutoka nguzo hizo wakarusha matao hewani yakaegemea ukuta pale penye msukumo, kama mtu anayezuia kwa mkono ua lisianguke. Ukuta wenyewe ukaachiliwa. Ukaweza kuwa kioo kitupu.

Katika mji wa Chartres kanisa kuu liliungua mwaka 1194, na watu wakaanza kulijenga upya. Humo madirisha ya juu yalipewa kimo kinachokaribia kile cha matao ya chini, jambo ambalo lingalikuwa wazimu miaka 100 kabla yake. Kila moja ni madirisha mawili marefu pamoja na duara juu yake. Kanisa lina madirisha ya vioo vya rangi zaidi ya 170 kwa jumla, na katika mengi ya hayo wameandikwa waokaji wa mikate, washona viatu, waunda magurudumu na wauza ngozi, kila mtu na kazi yake. Vita vya mwaka 1939 vilipokaribia, vioo vile vilitolewa, vikafichwa, na vita vilipokwisha vikarudishwa.

Hata hivyo mgeni aingiaye Chartres kwa mara ya kwanza hushangaa kuona kuna giza. Madirisha ni makubwa, nuru ni kidogo! Sababu ni rangi: buluu na nyekundu nzito humeza sehemu kubwa ya mwangaza. Mafundi waliokuja baadaye waliligundua hilo, wakaanza kuchanganya kioo cheupe kingi zaidi ili watu waione dari waliyoilipia. Huenda wafadhili wengine walikuwa hawakuona haya kumpa Mungu nuru yenye rangi na kumwacha padre asome kwa mshumaa.

Tangu hapo kila mji ukataka kuupita mji mwingine. Dari ya Chartres ilifika futi 120 hivi kutoka sakafuni. Amiens, walioanza mwaka 1220, wakafika karibu futi 140. Jirani zao ni watu wa Beauvais, na kanisa lao kuu liliungua mwaka 1225. Askofu wao, Milo wa Nanteuil, akaazimia kujenga jipya, na kadiri kazi ilivyoendelea kimo kikazidi. Sehemu ya madhabahu ilipomalizika mwaka 1272, dari yake ilikuwa futi 157 juu ya sakafu. Hakuna dari ya mawe ya kanisa la namna ile iliyopata kupita hapo, wala wakati ule wala baadaye. Madirisha yake ya juu yalikuwa marefu na membamba, yakaonekana kana kwamba paa limekaa juu ya kioo. Nguzo za ndani ziliachana mbali ili macho yasizuiliwe, na zile za nje zilikuwa nyembamba kuliko kawaida.

Likasimama miaka 12.

Katika mwezi wa Novemba 1284 sehemu ya dari ikaanguka, pamoja na baadhi ya yale matao ya nje, na vioo vikubwa vikavunjika. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu juu ya sababu. Wengine walaumu nafasi kubwa mno iliyoachwa kati ya nguzo. Wengine walaumu upepo, ambao juu ya kimo kile hupiga kwa nguvu sana. Wengine waonyesha nguzo za nje zilizowekwa kando kidogo ya mahali zilipostahili. Yamkini sababu hazikuwa moja. Lakini mafundi waliofuata hawakungoja mabishano yaishe. Walitia nguzo mpya katikati ya kila nguzo mbili za zamani, na matao yaliyokuwa mapana yakawa mawili mawili membamba. Mtu akisimama ndani leo aweza kuzihesabu, na kuona jinsi wazo la kwanza lilivyokatwa vipande. Matengenezo hayo yalidumu miongo mingi, kisha vikaja vita virefu kati ya Ufaransa na Uingereza, na fedha zikaisha.

Mtu angedhani kuwa watu wa Beauvais wangetosheka. Katika karne ya 16 walirudi kazini, wakamaliza mabawa mawili ya kanisa, na badala ya kujenga ukumbi wa watu ambao ungaliegemeza jengo upande wa magharibi, wakaamua kupandisha mnara katikati. Mwaka 1569 mnara ulikwisha. Kimo chake kilikuwa kipatacho futi 500. Mwaka 1573, siku ya sikukuu ya Kupaa, watu walipokuwa wametoka nje kwa maandamano, mnara ukaporomoka. Haukujengwa tena. Ukumbi wa watu haukujengwa kamwe. Mahali pake limebaki kanisa dogo la karne ya 10, lenye paa la mbao na vidirisha vya tao juu ya ukuta wake mnene, ambalo lilikusudiwa kubomolewa ili kulipisha lile kubwa.

Na lile kubwa lingali linauguzwa. Katika miaka ya 1960 vyuma vya zamani vilivyounganisha nguzo za nje viliondolewa kwa sababu vilionekana havipendezi. Jengo likaanza kuyumba upepo ulipovuma, ikabidi vyuma vingine virudishwe kwa haraka. Katika miaka ya 1990 vishikizo vikubwa vya mbao na chuma vilisimamishwa ndani, na mgeni hana budi kutazama madirisha yale mazuri kwa kupenyeza macho kati ya magogo.

VIWANDA, NA JUA LA IKWETA

Chuma na saruji viliondoa ugomvi ule wa kale. Fremu ya chuma hubeba paa, na ukuta haubebi kitu, kwa hiyo dirisha laweza kuwekwa po pote. Mbunifu wa Kimarekani Frank Lloyd Wright alipojenga Unity Temple huko Oak Park, karibu na Chicago, kazi iliyokwisha mwaka 1908, aliyapandisha madirisha yote juu kwa sababu nyingine kabisa: kanisa lilikuwa kando ya barabara yenye makelele, naye alitaka kuta tupu upande wa watu na nuru kutoka upande wa mbingu. Lakini walioitumia zaidi njia hii ni wenye viwanda. Mfumaji wa nguo anahitaji nuru iliyo sawa kutwa nzima, isiyo na miale ya jua ya kumpofusha wala kivuli cha kumdanganya juu ya rangi ya uzi. Basi katika miji ya nguo ya Uingereza viwanda viliezekwa paa lenye umbo la meno ya msumeno: upande mmoja wa kila jino ni mteremko wa paa, na upande wa pili ni kioo kilichosimama. Kioo chote hutazama kaskazini, kwa maana katika nchi zile jua la adhuhuri halitoki upande wa kusini mwaka mzima.

Hapa ndipo mjenzi wa Afrika Mashariki apaswa kuwa macho. Paa la msumeno likinakiliwa Nairobi kama lilivyo Manchester, halitafanya kazi ile ile. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta. Tangu mwezi wa Machi hata Septemba jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, na katika Juni hufika digrii 25 hivi kutoka utosini. Tangu Septemba hata Machi huhamia kusini, na katika Desemba hufika digrii 22. Hakuna upande usio na jua. Mfumaji wa Lancashire angekaa kivulini. Fundi wa hapa angepigwa na jua usoni nusu ya mwaka.

Lakini ikweta nayo ina fadhila yake. Kwa kuwa jua la adhuhuri liko juu sana, ukingo mfupi wa paa watosha kulizuia. Dirisha la juu lenye kimo cha futi 4, likitazama kaskazini au kusini, likiwa na ukingo uliotokeza futi 2 na inchi chache, litakuwa kivulini tangu saa nne asubuhi hata saa nane mchana hata katika mwezi wa Juni, na nuru ya mbingu itaendelea kuingia. Dirisha litazamalo mashariki au magharibi haliponyeki hivyo, maana jua la asubuhi na la jioni hupita chini ya ukingo wo wote. Kwa hiyo ukumbi wa shule au kiwanda ungefaa kulazwa urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi, kama uwanja waruhusu.

Wengine hukwepa kazi hiyo yote kwa kuondoa bati moja moja katika paa na kutia bati la plastiki lipitishalo nuru. Ni rahisi, tena nuru yake ni nyingi. Ila bati lile hutazama jua la adhuhuri moja kwa moja, nalo huingiza joto jingi pamoja na nuru. Baada ya miaka michache hugeuka rangi ya manjano, na misumari yake huanza kuvuja. Dirisha lililosimama wima halipigwi na mvua kwa namna ile. Tena likiwa la kufunguka, hufanya kazi ya pili bila malipo: hewa yenye joto hupanda, hutoka kwa dirisha la juu, na hewa baridi huingia kwa milango na madirisha ya chini. Wapishi na wahunzi watajua thamani ya jambo hilo kuliko mtu ye yote.

Kuna adui mmoja asiyetajwa katika michoro ya wajenzi, naye ni vumbi. Dirisha la chini likichafuka mtu hulifuta kwa kitambaa apitapo. La juu likichafuka hulitazama tu, na mwaka wa pili au wa tatu watoto wa katikati ya darasa wanarudi kuinamisha vichwa. Ngazi ya chuma iliyofungwa ukutani, kijia chembamba juu ya paa la pembeni, na kamba ya kufungulia vioo hugharimu kidogo vikitiwa wakati majukwaa ya ujenzi yangali yamesimama. Yakiisha kuondolewa, gharama yake ni nyingine.